Siku Moja katika Magofu ya Karthago

Katika sala kuu ya Misa, Padri hutaja pengine majina ya Perpetua na Felisita. Wakatekumeni wengi hudhani kwamba watakatifu hao walikuwa wanawake wa Ulaya, maana ndivyo sanamu nyingi zinavyowaonyesha. Sivyo. Waliishi Afrika, walifungwa Afrika, na Afrika ndiko walikouawa, katika mji wa Karthago, mwaka 203. Tena siku walipokamatwa walikuwa hawajabatizwa bado. Walikuwa wanafunzi wa dini, kama wale wanaolisoma somo hili. Kwa hiyo inafaa kuifuata safari ya siku moja katika magofu ya mji ule, kuona ni kitu gani kimesalia na ni kitu gani kimetoweka.

Karthago iko mbali sana na Kongo. Iko mwisho kabisa wa Afrika upande wa kaskazini, katika nchi ya Tunisia, pwani ya bahari ya Mediteranea. Mji ule ulijengwa kwanza na wafanya biashara waliotoka Tiro, mji unaotajwa katika Injili. Mapokeo ya kale yasema ilikuwa mwaka 814 kabla ya Kristu. Watu hao walikuwa hodari wa merikebu, wakatajirika. Waroma waliwaonea wivu, tena waliwaogopa. Wakapigana nao vita vitatu vikubwa, na mwaka 146 kabla ya Kristu wakauteketeza mji wao. Miaka mia moja baadaye hivi Waroma wenyewe walianza kujenga mji mpya juu ya majivu ya ule wa kwanza, nao ukakua hata ukahesabiwa kati ya miji mikubwa kabisa ya utawala wao. Mabaki ya mji huo wa pili ndiyo msafiri anayokwenda kuyatazama.

Safari huanza asubuhi huko Tunis, mji mkuu. Msafiri hupanda gari la moshi dogo, ambalo siku hizi halitoi moshi wo wote, kwani huendeshwa kwa umeme. Reli ya kwanza kutoka Tunis kwenda pwani ilifunguliwa mwaka 1872. Njia ya sasa hupita juu ya tuta lililojengwa katikati ya ziwa, maji kuume na maji kushoto, na ndege wenye miguu mirefu wakisimama majini. Baadaye stesheni hufuatana upesi upesi, na moja yao yaitwa Hannibal, jina la yule jemadari wa Karthago aliyewapelekea Waroma vita na tembo mpaka kwao. Waroma walishinda, lakini stesheni imepewa jina la adui yao.

Anayetazamia kuona mji mzima umesimama atavunjika moyo. Leo hapo pana nyumba nyeupe za watu wenye mali, bustani za maua, shule na maduka. Magofu yametawanyika katikati yake, kipande huku na kipande huku, na mara nyingine mgeni humbidi kuuliza njia.

Kwanza hupanda kilima kiitwacho Byrsa. Mahali hapo watu wa Karthago ya kwanza walijitetea mpaka mwisho. Waroma walipojenga upya, hawakupenda kilima chenye ncha. Walikata kichwa chake, wakakisawazisha kama sakafu, wakajenga juu yake baraza lao kubwa na hekalu. Udongo wote walioukata waliutupa kandokando ya kilima, ukazifunika nyumba zilizoungua za wale walioshindwa. Sasa tazameni jambo la ajabu: majengo ya washindi yaliyokuwa juu yameondolewa karibu yote, bali zile nyumba ndogo za walioshindwa, kwa sababu zilikuwa zimezikwa, zimehifadhika. Wachimbaji wa siku hizi wamezifunua. Kuta, vijia na visima vya kuwekea maji ya mvua vyaonekana wazi.

Juu ya Byrsa pana kanisa kubwa lenye minara, ambalo Kardinali Lavigerie alilijenga kati ya mwaka 1884 na 1890. Kardinali huyo ndiye aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, nao si wageni kwa watu wa Kongo. Msafara wao wa kwanza wa kwenda kwenye maziwa makuu uliondoka mwaka 1878, na mwaka 1885 walikuwa wamekwisha pokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Yaani imani ambayo wazee wengi wa mashariki ya Kongo waliipokea ililetwa na watu ambao mkubwa wao alikuwa Askofu mkuu wa Karthago. Alipokufa mwaka 1892, Lavigerie alizikwa katika kanisa hilo. Lakini leo halisaliwi tena. Mwaka 1964 Eklezya ilipatana na serikali ya Tunisia, kanisa likakabidhiwa, mwili wa Kardinali ukapelekwa Roma. Sasa watu huingia humo kusikiliza muziki. Nyumba waliyoishi mapadri imekuwa nyumba ya kuhifadhi vitu vya kale. Vitu vingi vya mji huo vilichimbuliwa na padri mmoja, Delattre, aliyefika Karthago mwaka 1875 akafanya kazi hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1932.

Kutoka Byrsa msafiri hushuka upande wa magharibi. Baada ya mwendo mfupi hufika kwenye bonde dogo lenye umbo la yai, lenye miti pande zote. Hapa palikuwa uwanja wa michezo wa Waroma. Michezo gani? Watu kupigana kwa upanga mpaka mmoja afe. Wanyama wakali kufunguliwa juu ya watu waliohukumiwa. Na raia wameketi juu ya ngazi za mawe, wakitazama na kupiga kelele. Katika karne ya 12 mtaalamu Mwarabu Al-Idrisi aliona bado matao yake yamesimama. Baadaye watu waliyachukua mawe kwa kujengea, leo likisalia kidogo tu juu ya ardhi. Ardhi ya katikati imefunguliwa, na mle ndani Mapadri Weupe walitengeneza kanisa dogo la ukumbusho. Upepo hupita katika miti, na pengine mgeni hujikuta peke yake. Wataalamu hawakubaliani wote kama mashahidi wa mwaka 203 waliuawa katika uwanja huu hasa, maana masimulizi ya kale yasema michezo ile ilikuwa ya kambi ya askari. Hata hivyo, mapokeo yameweka kumbukumbu yao hapa, na hapa ndipo mahali pa kukaa chini na kuisikia habari yao.

Perpetua alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Alikuwa wa ukoo wa heshima, mwenye elimu, ameolewa, naye alikuwa na mtoto mchanga anayenyonya. Felisita alikuwa mtumwa, tena mja mzito. Walikamatwa pamoja na Revocatus, mtumwa mwenzake Felisita, na vijana wengine wawili, Saturninus na Secundulus. Kaisari wa siku hizo, Septimius Severus, alikuwa mwenyewe mzaliwa wa Afrika, wa mji wa Leptis katika nchi ya Libya. Mwalimu wao wa dini aliitwa Saturus. Askari walipokuja, Saturus hakuwapo. Angaliweza kukimbia, na hakuna mtu ambaye angalimlaumu. Lakini aliposikia kwamba wanafunzi wake wamefungwa, alikwenda kwa miguu yake mwenyewe akajitoa, apate kuwa pamoja nao. Makatekista wasomao habari hii waikumbuke siku wanapoona uchovu wa kutembea mpaka kijiji cha pili.

Mambo hayo yanajulikana kwa sababu Perpetua aliyaandika mwenyewe gerezani, na mtu mwingine akaongeza habari ya kufa kwao. Siku za kwanza walikuwa wakilindwa tu, na katika siku hizo walibatizwa. Kisha wakatupwa gerezani. Perpetua aliogopa, wala hakuona haya kuandika kwamba aliogopa: hakuwa amepata kuona giza la namna ile, wala joto la watu wengi waliosongamana, wala askari wanaodai mali. Zaidi ya yote alihangaika kwa ajili ya mtoto wake. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, walitoa fedha kwa walinzi, wafungwa wakaruhusiwa kutoka saa chache mahali penye hewa. Hapo aliletewa mtoto, naye alikuwa amedhoofika kwa njaa, akamnyonyesha. Baadaye aliruhusiwa kukaa naye gerezani, na tangu hapo, aliandika, kifungo hakikumlemea tena.

Lakini jaribu lake kubwa halikuwa giza wala wanyama. Lilikuwa baba yake.

Baba huyo hakuwa Mkristu. Alimpenda Perpetua kupita ndugu zake wote. Alipokwenda kumshawishi mara ya kwanza, binti alimwonyesha mtungi uliokuwapo, akamwuliza kama waweza kuitwa kwa jina lisilo lake. Baba akakiri kwamba haiwezekani. Basi, akasema Perpetua, naye hawezi kujiita kitu asichokuwa, ni Mkristu. Mzee alikasirika, akamrukia, kisha akaenda zake ameshindwa. Alipokuja mara ya pili, hasira ilikuwa imekwisha, imebaki huzuni tu. Alimsihi azihurumie mvi zake, awakumbuke mama yake na ndugu zake na mtoto wake ambaye hataweza kuishi bila yeye. Alimbusu mikono, akajitupa miguuni pake, akalia, wala hakumwita tena binti, bali alimwita bibi, kama mtumwa anavyomwita mkubwa wake.

Siku ya hukumu umati ulijaa barazani. Mzee alitokea amempakata mjukuu wake, akamvuta Perpetua kutoka ngazini. Hata mtawala, Hilarianus, akamwambia awahurumie baba na mtoto, atoe sadaka kwa ajili ya heri ya Kaisari. Jambo dogo tu. Perpetua akakataa. Mzee alipoendelea kumvuta, mtawala akaamuru aondolewe, naye akapigwa fimbo mbele ya binti yake. Perpetua aliandika kwamba pigo lile lilimwumiza kana kwamba amepigwa yeye.

Wengi husoma habari hii upesi wakamhesabu mzee huyo kuwa mtu mwovu. Hawamtendei haki. Alikuwa baba mwema aliyeona mtoto wake anapotea, naye hakuelewa sababu. Kama angalikuwa mkatili, Perpetua angalimwacha bila taabu. Katika vijiji vingi mkatekumeni anamjua mtu wa namna hii: mzazi, au babu, au mjomba anayeuliza, unatuacha na nani, na nani atatunza mambo ya ukoo? Amri ya Mungu yasema waheshimu baba na mama, wala Perpetua hakuivunja. Hakumtukana baba yake, hakumcheka, hakumficha neno. Alimlilia. Lakini hakusema uwongo ili kumfurahisha.

Felisita alikuwa na huzuni nyingine. Sheria ya Waroma ilikataza kumwua mwanamke mwenye mimba, naye alikuwa katika mwezi wa nane. Aliogopa kwamba wenzake watakwenda mbele, na yeye atabaki auawe baadaye peke yake, kati ya wanyang'anyi. Wenzake walisali pamoja naye, na uchungu ukamjia papo hapo. Alizaa mtoto wa kike gerezani, na mwanamke mmoja wa Wakristu akamchukua akamlea kama mtoto wake. Secundulus alifariki mle gerezani.

Wengine waliingia uwanjani tarehe 7 mwezi wa Machi. Wanawake waliwekewa ng'ombe mke mkali. Perpetua alirushwa juu akaanguka. Alipoketi, aliivuta nguo yake iliyopasuka ajisitiri, akatafuta pini akafunga nywele zake, kwa maana kwao nywele zilizofunguliwa zilikuwa alama ya matanga, naye hakutaka kuonekana kama mwenye kuomboleza. Halafu akamwona Felisita amelala chini. Akamwendea, akampa mkono, akamwinua. Bibi wa nyumba ya heshima na mtumwa wakasimama pamoja, bega kwa bega, mbele ya mji wote. Mwishowe waliuawa wote kwa upanga, Saturus wa kwanza. Aliyeamriwa kumwua Perpetua alikuwa kijana asiyeizoea kazi hiyo. Mkono wake ulitetemeka, akakosea. Perpetua akaushika mkono ule akauelekeza mwenyewe shingoni.

Baada ya kukaa hapo, msafiri huona vigumu kuondoka, lakini jua limekwisha kuwa kali. Karibu na uwanja yapo matangi ya maji ya La Malga: vyumba virefu vya mawe, vimepangwa sambamba, vyenye dari la mviringo, ambavyo vingi vimebomoka. Wanakijiji wa baadaye walikaa humo na wanyama wao. Maji yake yalitoka katika chemchemi za mlima Zaghouan, na mfereji wa kuyaleta ulikuwa wa urefu wa kilometa 132, mwendo wa siku nne au tano kwa mtu mwenye mzigo kichwani. Wala hapakuwa na mashine. Mafundi walipima mtelemko kidogo kidogo, pengine chini ya ardhi, pengine juu ya matao marefu ya mawe yaliyovuka mabonde, na maji yakashuka yenyewe. Yasimuliwa kwamba Kaisari Hadrian alipotembelea Afrika mwaka 128 mvua ilinyesha siku ya kufika kwake, baada ya ukavu wa miaka mitano; na kazi ya mfereji huanzishwa na wengi katika siku zake. Mtu ye yote aliyepata kuchimba mfereji wa shamba la misioni na kuona maji yanakataa kwenda mbele, atawastahi mafundi hao.

Sehemu kubwa ya maji ilikwenda kwenye nyumba ya kuogea, kando ya bahari. Ilijengwa katikati ya karne ya pili, wakati wa Kaisari Antoninus Pius, nayo ilikuwa kubwa kuliko zote walizojenga Waroma katika Afrika. Kwa sababu bahari ilikuwa karibu mno, mafundi hawakuweza kuchimba chini sana. Basi waliweka matanuru ya kupashia maji moto katika orofa ya chini, na vyumba vya kuogea juu yake. Leo orofa ya juu imeanguka yote. Msafiri hutembea chini, mahali watumwa walipobeba kuni, kati ya nguzo nene zilizochakaa. Nguzo moja tu ya juu imesimamishwa upya, ya urefu wa meta 15 hivi, ili watu wakadirie ukubwa wa jengo. Ng'ambo ya ukuta ni jumba la Rais wa Tunisia, na walinzi hawapendi mtu aelekeze chombo cha kupigia picha upande ule; hata siku hizi wenye enzi wamependa pwani hiyo hiyo.

Alasiri, mwenye nguvu bado aweza kwenda upande wa kaskazini kuona mabaki ya kanisa liitwalo Damous el Karita. Lilikuwa na urefu wa meta 65, na safu nyingi za nguzo, ambazo leo zimebaki vishina tu katika majani. Hapo ndipo swali gumu humjia mtu. Eklezya ya Karthago ilikuwa yenye nguvu. Askofu wake Sipriani alikatwa kichwa mwaka 258 badala ya kumkana Kristu. Mtakatifu Augustino alisoma hapa ujanani. Mwaka 411 walikutana katika mji huu maaskofu zaidi ya 500, wote wa Afrika. Lakini walikutana kwa nini? Kwa sababu walikuwa wamegawanyika pande mbili, karibu sawasawa kwa hesabu, na mara nyingi mji mmoja ulikuwa na maaskofu wawili wasiosalimiana. Ugomvi huo ulikuwa umedumu miaka mia moja. Baadaye Wavandali waliutwaa mji mwaka 439, askari wa Kaisari wa Konstantinopoli mwaka 533, Waarabu mwaka 698. Wakristu wengine walihama, wengine walipungua polepole. Mwaka 1053 walibaki maaskofu watano tu katika Afrika ile yote, nao hata wakati huo waligombana juu ya nani aliye mkubwa.

Mwaka 1907 Padri Delattre, akichimba mabaki ya kanisa lingine la kale huko Karthago, alikuta vipande vya jiwe la marumaru lenye maandishi. Alipoviunganisha, alisoma majina ya mashahidi wa mwaka 203. Jina la Felisita na jina la Perpetua yalikuwa yamechongwa katika jiwe moja.

Jioni gari la moshi humrudisha msafiri Tunis, juu ya tuta lile lile la ziwani. Akiwa na nafasi bado, hupita katika vijia vyembamba vya mji wa zamani mpaka msikiti mkubwa wa Zitouna. Mle ndani nguzo nyingi, za rangi mbalimbali na vichwa visivyolingana, zimebeba dari kwa karne nyingi. Nyingi zilitolewa Karthago.